SOMO LA FIZIKA: EKUTERE ILIYOFANYWA KWA KIPIMO CHA SIKIO



Katika likizo kubwa alitutembelea yaya mumoja aliyemaliza masomo yake hapa kwetu na ambaye sasa anakaa Bruxelles. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza kompyuta za ofisi. Lakini jioni, na siku ya posho, anafanya kazi ingine ya kujifurahisha tu: anatengeneza ekutere, ndiyo vile vyombo vya kutia masikioni kwa kusikiliza muziki. Anazitengeneza jikoni mwake, juu ya meza ileile anayolia chakula. Alileta jozi mbili. Akatuita sisi wa kikundi cha fizika, akaziweka juu ya kitambaa cheupe, na saa mbili zilipita kama dakika kumi.

Tangu siku ile wanafunzi wengi wanatuuliza maulizo, na wengine wametuomba tuandike namna ya kuzifanya. Mwalimu wetu wa fizika alikubali, kwa sharti moja: tuandike pia jambo tulilofanya sisi wenyewe kisha yaya kurudi. Tutaliandika. Fasi yake itafika.

CHOMBO CHENYEWE

Ekutere ya sokoni ina kofia ya mupira laini. Inatoka kiwandani kwa vipimo vitatu, ndogo, ya katikati na kubwa, na sikio lako linapashwa kukubali moja. Ile ya yaya haina kofia. Mwili wake wote ni wa plastiki ngumu, inayong'aa kama kioo, iliyofanywa sawasawa na sikio la mutu mumoja: inajaza bakuli la sikio, inafuata kona za tundu, inaingia ndani zaidi ya sentimeta moja. Mumoja wetu alijaribu kuitia katika sikio lake ikakataa kabisa, kama ufunguo wa nyumba ya jirani. Hata kwa mwenyewe, ya kuume haiingii kushoto.

Wanamuziki wa jukwaani ndio walioihitaji kwanza. Mutu anayeimba kati ya ngoma na gitaa hasikii sauti yake mwenyewe. Zamani dawa ilikuwa kumuwekea bafle ingine mbele ya miguu, ikimuelekea yeye. Mupiga gitaa naye anaomba yake, mupiga ngoma naye, na kelele inapanda juu ya kelele. (Wale wa korali munajua tunasema nini.) Mwaka 1995, Jerry Harvey, fundi wa sauti wa kundi la Van Halen la Marekani, alimutengenezea mupiga ngoma wao, Alex Van Halen, ekutere za kipimo cha masikio yake. Kutoka kazi ile likazaliwa shirika la Ultimate Ears. Leo jozi moja ya kiwanda inauzwa mamia ya dola, na nyingine zinapita 2000. Ndiyo maana watu wa Ulaya, Marekani na Asia wakaanza kujaribu kuzifanya nyumbani. Wengi wao si mafundi wa kazi ile. Ni wanafunzi, wapiga muziki, watu wa ofisi kama yaya wetu.

TUNDU LA SIKIO NI FILIMBI

Tundu la sikio la mutu mukubwa lina urefu wa karibu sentimeta 2,5 na upana wa karibu milimita 7. Haliendi moja kwa moja. Lina kona mbili. Mwisho wake kuna ngoma ya sikio, utando wenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Muweke hesabu hii ya mwisho katika kichwa, tutairudia.

Chukueni muanzi uliofungwa upande mumoja, mupulize upande wa wazi. Unatoa mulio wake, na muanzi mufupi unalia kwa sauti nyembamba kuliko murefu. Katika kilasi ya tano tunajifunza kwamba bomba la namna hii linaitikia zaidi wimbi ambalo urefu wake ni mara ine ya urefu wa bomba:

f = v : 4L

Sauti inakwenda metre 340 kwa sekunde. Tundu la sikio ni bomba lililofungwa na ngoma upande wa ndani. Basi: 340 : (4 × 0,025) = Hz 3400. Katika masikio ya kweli wanapata kidogo chini ya pale, karibu Hz 3000, kwa sababu tundu si bomba safi na bakuli la inje linachanga pia. Lakini hesabu ya kilasi imetufikisha karibu sana. Maana yake ni kwamba kila mutu anatembea na filimbi mbili katika kichwa, nazo zinaongeza nguvu ya sauti za fasi ile. Na ni fasi ile ile ambamo mutoto analia.

Sasa, ukitia ekutere ndani ya tundu, umefunga ule upande uliokuwa wazi. Filimbi imekufa. Muziki unasikika kama mutu anayesema nyuma ya blanketi, isipokuwa fundi awe amefanya ekutere yenyewe irudishe nguvu ile karibu na Hz 3000. Yaya alituambia kwamba jozi yake ya kwanza ilikuwa na kosa hili, na alizani vipaza sauti ndivyo vibaya. Alibadilisha mara mbili mbele ya kuelewa.

KUZIBA

Jambo la pili ni kuziba, na sisi tunaona ndilo linalopita yote. Mukumbuke pompi ya kinga. Ukiweka kidole mbele ya tundu lake na kusukuma, hewa inakaza na kidole kinasikia nguvu. Kama ile ngozi ya ndani imechakaa, unasukuma bure, hewa inarudi pembeni. Kipaza sauti kilicho ndani ya ekutere ni kidogo sana. Hakiwezi kutikisa hewa ya chumba. Lakini hewa iliyofungwa kati yake na ngoma ya sikio ni kidogo pia, pengine sentimeta kibe moja tu, na hiyo kinaiweza vizuri.

Pakiwa na tundu hata la unene wa unywele, sauti nyembamba zinapita bado, maana zinageuka mbio na hewa haipati wakati wa kutoroka. Sauti nene zinageuka polepole: kwa Hz 50 hewa inapata wakati wa kutosha kutoka. Ndiyo sababu ekutere isiyokamata vizuri inapoteza besi. Mutu anasema «hii ni mbaya, haina besi», kumbe chombo ni kizima, ni sikio halijazibwa. Jaribuni na ekutere zenu za sokoni: muzisukume kidogo kwa kidole wakati wimbo unapiga, mutaona besi inarudi.

Tena kuziba kunazuia kelele ya inje. Ekutere ya kipimo ikikamata vizuri inaweza kupunguza kelele kwa desibeli 20 na zaidi, na mwimbaji hana lazima ya kupandisha sauti kwa kushindana na ngoma.

Lakini sikio halikai kimya. Mutie kidole kidogo ndani ya tundu na mufungue kinywa: mutasikia ukuta unatembea. Fundo la taya liko palepale mbele. Kwa hiyo chapa ya sikio la mwimbaji inachukuliwa kinywa kikiwa wazi, na kipande cha kitu kigumu kati ya meno. Ikichukuliwa kinywa kikiwa kimefungwa, ekutere itaziba vizuri wakati wa kunyamaza na itavuja katika kila neno la wimbo.

NDANI YA PLASTIKI

Tuliona masanduku matatu ya chuma, kila moja na urefu wa milimita sita hivi, kama punje ya muhindi. Vipaza sauti hivi vilifanywa kwanza kwa vyombo vya kusaidia watu wasiosikia vizuri. Katika kipaza sauti cha kawaida bobini imefungwa juu ya utando, na vyote viwili vinatembea mbele ya sumaku. Hapa bobini haitembei. Ndani yake muna ulimi mwembamba wa chuma, umesimama kati ya sumaku mbili bila kugusa ya juu wala ya chini. Umeme ukipita, ulimi unavutwa juu. Umeme ukigeuka, unavutwa chini. Na sindano ndogo inapeleka mutikisiko ule ku utando. Inaitwa armatura ya usawa.

Jambo hili si la jana. Mutu wa Utah, Marekani, jina lake Nathaniel Baldwin, aliyezaliwa mwaka 1878, alitumia armatura ya namna ile katika ekutere za kuvaa kichwani, na yeye pia alizifanya jikoni mwake. Mwaka 1910 Jeshi la Maji la Marekani lilizijaribu, likaona zinashinda zile lililokuwa nazo, likamuomba jozi 100. Akajibu kwamba anaweza kutoa 10 tu kwa mara moja. Tulicheka yaya alipotusimulia, lakini mama wa nyumba ile pengine hakucheka.

Sanduku moja linaimba sauti nene, la pili za katikati, la tatu nyembamba. Kusudi kila moja lipate sehemu yake, umeme unagawanywa. Kondansatere inazuia umeme unaogeuka polepole na kupitisha ule unaogeuka mbio, basi inawekwa mbele ya sanduku la sauti nyembamba. Hesabu yake ni hii:

f = 1 : (2 × 3,14 × R × C)

Kama R ni omu 40 na C ni mikrofaradi 2, tunapata karibu Hz 2000. Chini ya pale sanduku linaanza kunyamaza kidogo kidogo. Lakini bobini si rezistansi safi, uzuiaji wake unapanda pamoja na frekansi. Kwa hiyo hesabu inakupa fasi ya kuanzia tu, na mikro ndogo iliyofungwa katika bomba inasahihisha kisha.

Kondansatere hizi ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mafundi wengine wanatumia zile za tantali, madini yanayotoka katika koltani. Yaya alituonyesha nukta ya rangi ya manjano, akasema: «Hii pengine ilipitaka ku Rubaya mbele ya kufika kwangu.» Ilitoka kwa mugongo wa mutu, ikarudi kwa ndege.

Juu ya kulehemu, ndiyo kusude tunavyosema, hatutakawia. Waya ni nyembamba kama unywele, na chuma cha moto kiguse sekunde moja ao mbili tu, kwa maana joto linaharibu sanduku. Likianguka sakafuni, ulimi wa ndani unaweza kupinda, na kutoka siku ile linakwaruza. Kutoka masanduku muna mabomba membamba yanayopeleka sauti mpaka mwisho wa plastiki, na ndani ya bomba muna kitambaa kidogo kama chujio, kinacholainisha sauti zinazopiga kupita kiasi. Rangi inaonyesha nguvu yake: nyeupe ni 680, ya kijani 1500, nyekundu 2200. Fundi anabadilisha rangi kama mama anavyoonja chumvi.

CHAPA YA SIKIO, NA KOSA LETU

Kazi yote inaanza na chapa. Kwanza mutu mwenye kujua anaangalia ndani ya sikio kwa taa, kuona kama hakuna uchafu, kidonda ao ngoma iliyopasuka. Kisha anatia kipande kidogo cha pamba ao sponji, kilichofungwa uzi, kupita kona ya pili. Kile ndicho mulango: kinazuia kitu chochote kisifike ku ngoma. Kisha anachanganya silikoni mbili za kazi hii, sehemu sawasawa, anaisukuma polepole kwa seringi, anangojea dakika tano hivi, na kuitosha kwa kuigeuza pole kusudi hewa iingie. Uzi unakuja pamoja nayo.

Yaya alitueleza hayo yote, halafu akasema kwamba yeye mwenyewe hachukui chapa ya mutu. Anakwenda kwa fundi wa vyombo vya wasiosikia, analipa, anarudi na chapa katika mufuko. Tulishangaa. Mutu anayeweza kusude waya kama unywele, anaogopa silikoni? Katika madaftari yetu tuliandika hesabu zote na rangi zote. Maneno yale hakuna aliyeyaandika.

Siku sita kisha yaya kusafiri, watatu kati yetu tulinunua silikoni ya madirisha, ile ya kukamatisha vioo. Silikoni ni silikoni, tulisema. Seringi tulikuwa nayo. Pamba hatukutia, kwa sababu tuliona itapunguza urefu wa chapa. Mwenzetu mumoja alilala kichwa upande juu ya meza ya maabara, na sisi wawili tukajaza sikio lake la kushoto mpaka ikafurika.

Harufu ya siki ikapanda mara moja. Kisha dakika moja hivi akaanza kusema: «Mutoshe! Iko inaniunguza!» Tukamujibu avumilie dakika tano. Dakika tano zilipofika tukavuta. Ngozi ya juu ikaja, nyembamba kama ya maziwa yaliyochemka, na chini yake yote ilikuwa bado uji. Tukavuta tena kwa kijiti. Kile kilichobaki kikaingia zaidi.

Usiku ule tulimupeleka kwa infirmie. Aliangalia, akauliza ni nini, tukamuambia. Akasema: «Mwanangu, nani alikuambia sikio ni dirisha?» Lakini hakucheka, na hakugusa kitu; alituandikia karatasi ya kwenda hospitali asubuhi. Munganga alitumia mikutano miwili, na taa na koleo nyembamba, kutosha vipande. Ngoma ilikuwa nyekundu lakini haikupasuka. Ngozi ya tundu ilichubuka, na siku kumi na mbili mwenzetu hakusikia vizuri upande wa kushoto. Baba yake aliuza mbuzi kwa kulipa. Sisi wawili tumekwisha kurudisha nusu ya bei ile, nusu ingine tunaitafuta.

Mwalimu wa kimia alitueleza kisha kosa lilikuwa fasi gani, na ni somo ambalo hatutalisahau. Silikoni ya madirisha inakauka kwa kukamata unyevu wa hewa. Inaanza inje, inaendelea ndani polepole, milimita mbili ao tatu tu kwa siku nzima. Na inapokauka inatoa asidi asetiki, ndiyo ile harufu ya siki, ndiyo iliyounguza. Sasa muhesabu: tundu lina urefu wa milimita 25, na hewa inaingia kwa mulango mumoja tu. Dakika tano zetu zilikuwa mchezo. Silikoni ya masikio ni ya ukoo mwingine. Sehemu moja ina dawa ya platini, na zikichanganywa yote inakazana pamoja, ndani na inje, bila kungojea hewa na bila asidi. Hata hiyo ina adui wake: salfa. Mutu akiikanda na glovu za mupira wa kawaida, zile za hospitali, salfa iliyo ndani ya mupira inaweza kuizuia isikaze.

Na kumbukeni unene wa ngoma: sehemu moja ya kumi ya milimita. Karatasi ya buletini hii munayoshika ina unene wa namna ile. Kati ya seringi yetu na karatasi ile hapakuwa na kitu.

KUTOKA CHAPA MPAKA PLASTIKI

Chapa ikiwa muzuri, hatari kubwa imepita, na kazi inayobaki inafanana na kufanya matofali. Chapa inakatwa, inatiwa kidogo katika nta ya moto kusudi ngozi yake iwe laini, kisha inasimamishwa ndani ya kikombe na kumwagiwa silikoni inayopitisha mwangaza. Ikikaza, chapa inatoshwa, na tundu linalobaki ndilo kalibu.

Ndani ya kalibu wanamwaga rezini ya maji, na kikombe kinawekwa chini ya taa ya ultravioleti. Wengi wanatumia taa ile ya kukaushia rangi ya kucha, munaweza kuiona katika saluni za mujini. Hapa kuna akili nzuri sana. Mwangaza unatoka pembeni, basi rezini iliyo karibu na ukuta inakaza kwanza. Kisha sekunde chache fundi anaitosha, anamwaga ile ya katikati ambayo ni maji bado, na anabaki na ganda tupu lenye unene wa milimita moja hivi. Akikawia, ganda linakuwa nene na masanduku hayaenei. Akifanya mbio, linapasuka. Hakuna hesabu, ni kujaribu na kutupa. Yaya alitupa kumi na manane mbele ya kupata mawili yaliyofanana.

Oksijeni ya hewa inazuia ngozi ya juu isikauke, inabaki ya kunata. Kwa hiyo ganda linazamishwa ndani ya gliserini na kuwekwa tena chini ya taa. Rezini isiyokauka isiguse ngozi, maana mutu anaweza kupata mwasho usiomutoka tena kila mara anapoikaribia. Hapa glovu za nitrili ni lazima, na dirisha wazi. Mwisho ni kutoboa njia za mabomba, kuingiza masanduku, kufunga mulango wa inje na kupaka verni.

Sisi wa kikundi tumefanya mazoezi ya kalibu na kidole gumba, kwa agari kutoka maabara na plasta ya kawaida. Mistari ya ngozi inaonekana yote. Wanaopenda kuona waje siku ya tatu saa tisa.

SAUTI KIASI GANI?

Ekutere iliyoziba vizuri inahitaji umeme kidogo sana, na kosa dogo la fundi linaweza kupiga sikio kwa nguvu. Kwa hiyo ya kwanza isitiwe sikioni: iwekwe mezani, sauti chini kabisa, isikilizwe kwa mbali, kisha ipandishwe pole.

Mwaka 2019, OMS pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano walitoa kipimo kwa vyombo vya kusikilizia: desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Kila mara unapoongeza desibeli 3, saa zinakatwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5. Ndani ya kila sikio kuna chembe zenye nywele zipatazo 15 000 zinazopokea sauti. Kwa kuku na ndege wengine, zikifa zinaota tena. Kwa mutu haziote.

Wale wanaolala na ekutere masikioni katika mabweni, tunawajua.

MAULIZO

1. Tundu la sikio la mwanafunzi mumoja lina urefu wa sentimeta 2,2. Litaitikia zaidi frekansi gani? Kuliko lile la sentimeta 2,5, sauti ile ni nene ao nyembamba?

2. Katika hesabu yetu ya kondansatere, tukiweka mikrofaradi 1 fasi ya 2, na R ikabaki omu 40, sanduku litaanza kunyamaza chini ya Hz ngapi?

3. Mutu anasikiliza muziki kwa desibeli 95. Kufuata kipimo cha 2019, ana haki ya saa ngapi katika juma?

4. Kwa nini ekutere inayovuja inapoteza besi lakini haipotezi sauti nyembamba? Mujibu bila kutumia mufano wa pompi.

Majibu yatiwe ndani ya kisanduku cha buletini mbele ya siku ya ine jioni, jina na kilasi juu ya karatasi. Yule mwenzetu wa sikio la kushoto ndiye atakayesahihisha.